Je, Jiwe la Mwamba wa Matumbawe Laweza Kurudishwa?

Katika Ghuba ya Mikindani, mkoani Mtwara, jiwe la baharini limekuwa mali tangu zamani. Nyumba kongwe za mji huo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Huko Kilwa, kaskazini zaidi, mafundi wa kale walichonga tumbawe bichi kwa ajili ya mapambo ya Msikiti Mkuu, kwa kuwa huwa laini litokapo majini, kisha hukauka na kuwa gumu. Hata katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, matumbawe hai yaling'olewa Mikindani na kuchomwa matanuruni ili kupata chokaa ya kujengea. Aonaye jiwe tu hudhani kwamba laweza kuondolewa na jingine likawekwa mahali pake bila hasara. Dhana hiyo yafaa kuchunguzwa.

Jiwe lililojengwa na wanyama

Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo sana waishio pamoja. Kila mnyama hujijengea kikombe kigumu cha kalsiamu kaboneti kutokana na madini yaliyoyeyuka katika maji ya bahari. Ndani ya mwili wake huishi mwani usioonekana ila kwa hadubini, nao hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake. Ndiyo maana matumbawe hustawi penye maji maangavu, wala hayastawi mdomoni kabisa mwa Mto Ruvuma, ambako maji baridi na tope huingia baharini.

Matumbawe ya mviringo ya jamii ya Porites hukua kwa kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka. Hivyo basi, jiwe lenye kimo cha sentimita 50 ni kazi ya miaka 50 hivi. Likitiwa katika tanuru yenye joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kila kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi hutoa kilo 56 za chokaa isiyozimwa. Kilo 44 zilizobaki hupotea hewani zikiwa gesi ya kabonidioksaidi.

Somo la tangi la kioo

Katika nchi nyingi wako watu wanaofuga samaki na matumbawe ndani ya matangi ya kioo yenye maji ya chumvi na mawe. Mfugaji mzoefu hathubutu kubadilisha mawe yote kwa siku moja. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao wenyewe. Bakteria waishio juu ya mawe huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti yenye madhara madogo zaidi. Ndani ya vitundu vya jiwe, kusikofika oksijeni, bakteria wengine huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni. Mawe yote yakitolewa, watenda kazi hao hutoka nayo, amonia huongezeka, na samaki hufa.

Kwa hiyo mfugaji huondoa mawe machache, huweka mapya kando ya yale ya zamani, kisha husubiri majuma kadhaa ili bakteria wahamie. Jiwe jipya kwa macho lafanana na la zamani, lakini bado ni nyumba isiyo na wakazi.

Tofauti ya bahari na tangi

Baharini, maji kupwa na maji kujaa huchukua uchafu, kwa hiyo amonia si hatari kubwa. Hasara iko kwingine. Mwamba ukivunjwa, hubaki vipande vinavyobingirishwa na mawimbi. Viluwiluwi vya matumbawe huhitaji mahali imara pa kujishikiza. Vikitua juu ya kipande kinachotembea, husagwa. Mwani mwekundu mgumu, unaogandamanisha mawe kama saruji, nao hukosa utulivu. Mapango ya chewa na pweza hutoweka. Pono, ambaye kwa kula mwani husafisha nafasi ya matumbawe machanga, huhama. Hatimaye mawimbi yaliyokuwa yakivunjika mwambani hufika ufukoni na nguvu zake zote.

Kurudisha mwamba kumejaribiwa. Katika miaka ya 1990, kwenye mwamba wa Tutia karibu na Kisiwa cha Mafia, watafiti walifunga vipande vya matumbawe yenye matawi kwenye kamba na kuvilaza chini ili visisukwesukwe. Njia hiyo ni rahisi na haihitaji mitambo. Lakini mwaka 1998 joto la bahari lilipanda kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Tutia yakafa. Tukio hilo laonyesha kuwa kupandikiza husaidia palipo na maji mazuri na mwamba mama ulio hai karibu, bali hakuchukui nafasi ya kuuhifadhi.

Lipi lifanyike?

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilomita za mraba 650 hivi, ilianzishwa mwaka 2000 chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Ndani yake mna matumbawe pamoja na mikoko ya Ruvuma, ambayo mizizi yake huzuia tope lisifunike matumbawe hayo.

Hata hivyo, mwananchi anahitaji nyumba, na mchoma chokaa anahitaji riziki. Pwani ya Mtwara ina mawe ya matumbawe ya kale yaliyoinuka nchi kavu maelfu mengi ya miaka iliyopita. Hayo hayana tena mnyama ndani yake, nayo yaweza kuchimbwa kwa mpango. Matofali ya mchanga na saruji nayo ni njia nyingine.

Jiwe lililokufa laweza kubadilishwa na jiwe jingine. Lililo hai halina badala ila muda, na muda wake hupita umri wa aling'oaye.