Shelfu za stoo ya gari: mbao gani, zikae vipi, na sumu iwekwe wapi

Tukisema gereji, wengi mnafikiria pale kwa fundi magari barabarani. Tunachozungumzia leo ni kile chumba au banda la nyumbani lililojengwa kwa ajili ya gari, kisha gari likachelewa kuja na vitu vingine vikatangulia: magunia ya mahindi, bomba la kupulizia shamba, ndoo za rangi, jenereta, baiskeli ya mtoto isiyo na gurudumu. Baada ya mada hii kugusiwa hewani, ujumbe mwingi uliotufikia uliuliza bei ya mbao. Mbao tutazieleza, ila swali kubwa zaidi ni kipi kinakaa juu, kipi chini, na kipi hakitakiwi kuwa humo kabisa.

Tuanze na uzito, kwa sababu ndio unaoangusha shelfu. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Gunia la mahindi linafika kilo 100, na hilo halipandi kwenye shelfu hata kidogo. Linakaa kwenye chaga, mbali kidogo na ukuta, hewa ipite chini na nyuma.

Ubao uliolazwa juu ya nguzo mbili hupinda kutokana na umbali wa nguzo kuliko watu wanavyodhani. Mzigo uleule, ubao uleule, ukiongeza umbali wa nguzo mara mbili, ubao unapinda mara nane. Ndiyo maana shelfu ya mita 1.8 yenye nguzo pembeni tu inaanza kulegea katikati baada ya miezi michache, hata kama mbao ni nzuri. Weka nguzo ya kati, umbali ubaki sentimita 90. Jambo la pili ni mkao wa mbao. Mbao ya 2x4 iliyosimamishwa kwa upana wake inahimili kupinda mara nne zaidi ya ileile ikilazwa. Mafundi wanalijua hili tangu kwenye kenchi za paa, ila kwenye shelfu tunaona mara nyingi wanalisahau.

Sasa vipimo. Shelfu ya urefu wa futi 6, kimo cha futi 6, kina cha futi moja na nusu na ngazi nne inahitaji mbao tano za 2x4 na sita za 1x6, zote za futi 12, pamoja na fito moja ya 1x2. Mbao tatu za 2x4 zinakatwa katikati, unapata nguzo sita. Mbili zilizobaki zinatoa vipande 12 vya futi moja na nusu, ambavyo ni mikono ya kubebea. Zile za 1x6 nazo unazikata katikati, kila ngazi inapata tatu.

Unga fremu tatu zinazofanana, kila moja nguzo mbili na mikono minne iliyosimama kwa upana wake. Zipangie chini zote kwa pamoja wakati wa kupima, ili mikono ilingane. Kwenye ngazi mbili za chini, ambazo zitabeba vizito, usiuachie msumari peke yake kazi ya kubeba. Kata vipande vya sentimita 12 kutoka kwenye masalio, uvipige kwenye nguzo chini ya kila mkono, mkono ukae juu yake. Hapo mzigo unashuka kwenye mbao. Skrubu ni bora kuliko misumari, na toboa tundu dogo kwanza kwa drili au keekee, maana paini hupasuka upesi karibu na ncha.

Kisha fito. Ipige kwa mshazari mgongoni mwa shelfu, kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Bila fito hiyo shelfu nzima inayumba kulia na kushoto kama meza ya mgahawa. Watu wengi huiruka kwa kuwa haionekani.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini mbao tunazo jirani. Shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, lina paini na mikaratusi. Tatizo ni kwamba mbao inayouzwa bei nafuu mara nyingi bado ni mbichi. Ipange kivulini kwa vijiti katikati wiki kadhaa kabla ya kuikata, la sivyo itajikunja ikiwa tayari ukutani. Kwa mchwa, nunua iliyotiwa dawa, au angalau usiache mguu wa mbao ugusane na udongo. Weka kipande cha tofali la saruji chini ya kila nguzo. Oili chafu, ambayo wengi bado wanaipaka, hatuipendekezi ndani: inanuka, inachafua magunia, na inawaka.

Kabla ya kupanga kitu chochote, funga sehemu ya juu ya shelfu kwenye ukuta. Mtoto akiona mpira ngazi ya juu atapanda shelfu kama ngazi, na shelfu isiyofungwa inamlalia na vyote vilivyomo. Ukuta wa tofali za saruji au za kuchoma unashika plagi na skrubu ndefu. Ukuta wa tofali mbichi haushiki vizuri, hivyo funga kwenye boriti ya paa kwa mbao au waya mnene.

Upangaji ni rahisi: vizito chini, vyepesi juu. Dawa za kilimo ndizo zinazotusumbua. Zinatakiwa sanduku lenye kufuli, ndani ya chupa zake za asili zenye lebo. Mafuta ya taa au dawa ya magugu kwenye chupa ya soda ni mtego kwa mtoto. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa yenyewe. Vidonge vya kufukizia mahindi ni hatari zaidi, kwani vikipata unyevu vinatoa gesi ya sumu. Kama stoo yako imepakana na chumba cha kulala, visilale humo hata usiku mmoja, wala usifukize magunia humo.

Petroli nayo haina nafasi kwenye shelfu hii. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi ukutane na jiko la mkaa au cheche ya swichi. Mtungi wa gesi wa akiba ni hivyohivyo. Vyote vikae nje, kwenye kibanda kidogo chenye kivuli na matundu ya hewa chini, mtungi ukiwa umesimama.