Mwana wa lodi alipewa kikosi, mpagazi akapewa kipande

Ukitoka Makongeni, Thika, ukishika Barabara ya Garissa, mbele yako ni Kilimambogo, mlima alikozikwa bwanyenye Mmarekani Sir Northrup McMillan mwaka 1925. Mwaka huohuo alifariki mlowezi mwingine, Berkeley Cole, ambaye maisha yake yanaonyesha jinsi ukoo ulivyompa mtu cheo jeshini.

Cole alizaliwa mwaka 1882, mwana wa Earl wa Enniskillen, kabaila wa Ireland. Alipigana na Makaburu nchini Afrika Kusini akiwa na Lancers wa 9, kikosi cha wapanda farasi. Alipohamia Kenya hakuwa mgeni: dada yake, Florence, alikuwa mke wa Lord Delamere, kinara wa walowezi.

Agosti 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, walowezi walimiminika Nairobi na farasi wao na bunduki za kuwindia. Cole aliunda kikosi chake mwenyewe cha Wasomali, kikaitwa kwa jina lake: Cole's Scouts. Chini yake walikuwamo Denys Finch Hatton, naye mwana wa lodi, na Lord Cranworth, aliyekuwa na shamba Makuyu, jirani na Thika. Kikosi hicho hakikudumu.

Farasi nao hawakudumu. Mwaka 1916 Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Uingereza, alipoingia Tanganyika, wakati huo koloni la Ujerumani, kuwasaka Wajerumani, mbung'o na magonjwa viliua farasi kwa maelfu. Vita vikabaki vya miguu. Risasi, unga na majeruhi vilibebwa na wapagazi, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu vijijini, Ukikuyu na Ukambani zikiwamo. Zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi.

Malipo yalifuata tabaka. Mwaka 1919 serikali ilitenga ardhi kwa wanajeshi Wazungu waliostaafu. Mpagazi aliyerudi hai alikuta kodi imepanda na kipande, kitambulisho cha lazima cha kuning'iniza shingoni. Hasira ya mambo hayo ndiyo iliyompa wafuasi Harry Thuku, kiongozi aliyepinga kodi na kipande, mwaka 1921.

Cole ana nafasi katika vitabu. Wapagazi wengi hawana hata kaburi lenye jina. Walimu wa historia wa Thika wawatume wanafunzi nyumbani wakaulize: katika ukoo wetu, nani alichukuliwa akabebe mizigo ya vita ile? Majina yatakayopatikana yaandikwe.