Shirikisho la Michezo la Vyuo vya Pasifiki: Wanachama, Masharti na Mgawo

Nchini Marekani michezo ya vyuo vikuu haiendeshwi na wizara, wala chuo hakishindani peke yake. Vyuo hujiunga katika mashirikisho, na kila shirikisho huwa na masharti yake, halmashauri ya wakuu wa vyuo, ratiba ya mashindano na hazina moja. Kwa jinsi hiyo shirikisho la michezo lafanana sana na chama kikuu, na vyuo vyake vyafanana na vyama vya msingi. Historia ya shirikisho liitwalo Pac-12, la majimbo ya magharibi ya nchi hiyo, yaonyesha wazi jinsi muungano wa hiari unavyojengwa na jinsi unavyoweza kubomoka.

Chanzo chake

Shirikisho lilianzishwa tarehe 2 Desemba 1915 katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, kwa jina la Shirikisho la Pwani ya Pasifiki. Waanzilishi walikuwa vyuo vinne: California cha Berkeley, Washington, Oregon, na Chuo cha Kilimo cha Oregon, ambacho leo huitwa Oregon State. Mashindano yalianza mwaka 1916. Washington State kilijiunga mwaka 1917, Stanford mwaka 1918, Southern California (USC) na Idaho mwaka 1922, Montana mwaka 1924, na UCLA mwaka 1928. Montana kilijitoa mwaka 1950.

Kuvunjika kwa mara ya kwanza

Katika miaka ya 1950 iligunduliwa kwamba baadhi ya vyuo vilikuwa vikiwalipa wachezaji wao fedha kwa siri, kinyume cha masharti. Adhabu zilitolewa, lakini badala ya kuleta nidhamu zilizaa uhasama baina ya wanachama. Mwaka 1959 shirikisho likavunjwa. Mwaka huo huo vyuo vitano, yaani California, Stanford, USC, UCLA na Washington, vikaunda muungano mpya. Vyuo vya miji midogo viliachwa nje. Washington State kilipokewa mwaka 1962. Oregon na Oregon State vilingoja hadi mwaka 1964. Idaho hakikurudi.

Muungano huo ulichukua jina la Pacific-8 mwaka 1968. Arizona na Arizona State vilipoingia mwaka 1978 ukaitwa Pac-10. Na Colorado na Utah vilipoingia mwaka 2011 ukawa Pac-12.

Suala la mgawo

Pato kubwa la mashirikisho haya hutokana na kuuza haki za kuonyesha michezo katika televisheni, hasa mpira wa Kimarekani. Zamani chuo kilichoonekana zaidi katika televisheni kilipata fungu kubwa zaidi. Mkataba mpya wa miaka 12 ulipotiwa sahihi mwaka 2011, wanachama walikubaliana kugawana sawa kwa sawa. Mwaka 2012 wakafungua pia kituo chao wenyewe cha televisheni, mali ya vyuo vyote kwa pamoja. Lakini kampuni moja kubwa ya kusambaza matangazo kwa satelaiti haikuafikiana nao kamwe, na mapato hayakufikia matumaini.

Wakati huo mashirikisho mengine yalikuwa yakipata mikataba minono kuliko wao. Tarehe 30 Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vya jiji la Los Angeles lenye watazamaji wengi, vilitangaza kuhamia shirikisho la Big Ten kuanzia mwaka 2024. Wanamichezo wao wangesafiri hadi New Jersey, upande wa pili wa bara, ili kushindana. Julai 2023 Colorado kilitangaza kuondoka. Tarehe 4 Agosti 2023, kwa siku moja tu, Oregon na Washington viliamua kwenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12. Tarehe 1 Septemba Stanford na California vikafuata njia hiyo kuelekea shirikisho la pwani ya Atlantiki, na vilikubali kupokea kwa miaka kadhaa mgawo pungufu kuliko wenyeji wao.

Waliobaki

Kati ya wanachama 12 walibaki wawili: Oregon State, mmoja wa waanzilishi, na Washington State. Vyote viwili ndivyo vilivyoachwa nje mwaka 1959. Ndipo likazuka swali: nani ana haki juu ya hazina na jina la shirikisho, wale kumi wanaoondoka au wale wawili wanaobaki?

Jibu lilipatikana katika masharti. Yalisema kwamba mwanachama atakayetoa taarifa ya kujitoa kabla ya tarehe 1 Agosti 2024 atapoteza kiti chake katika halmashauri. USC na UCLA vilipotangaza kuondoka, wenzao walikuwa wameitumia kanuni hiyo hiyo dhidi yao. Novemba 2023 mahakama ya jimbo la Washington iliwapa vyuo hivyo viwili madaraka ya halmashauri, na mwezi Desemba Mahakama Kuu ya jimbo ikakataa kuingilia uamuzi huo. Kisha pande zote zikapatana, na walioondoka wakaacha sehemu ya mgawo wao.

Kanuni za taifa za michezo ya vyuo hutaka shirikisho la daraja la juu liwe na wanachama wanane wa mpira wa Kimarekani, na hutoa muda wa miaka miwili kwa lililopungukiwa. Katika muda huo Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State na Texas State vilikubali kujiunga kuanzia Julai 2026, na idadi ikatimia. Gonzaga, chuo mashuhuri kwa mpira wa kikapu, kiliongezeka kwa michezo mingineyo.

Sharti lililowaokoa waliobaki lilikuwa limeandikwa siku ambazo hakuna aliyefikiri kuondoka. Vyama vya msingi vitafanya vyema kufungua masharti yao na kusoma kifungu cha kujitoa kwa mwanachama, na kukirekebisha katika mkutano mkuu ikiwa hakisemi mali ya pamoja hubaki kwa nani.