Fahamu: Halloween na Thanksgiving wakati wa korona

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa mwongozo wa kusherehekea sikukuu za msimu wa majani kupukutika za mwaka 2020.

Ni sikukuu gani?

Halloween ni Oktoba 31: watoto huvaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Thanksgiving, siku ya shukrani, ni Alhamisi ya nne ya Novemba, mwaka huo ilikuwa tarehe 26. Ndugu husafiri kutoka mbali kuja kula bata mzinga pamoja.

Hatari ya kuambukizwa korona iko wapi?

Zaidi kwenye pumzi kuliko kwenye chakula. Baridi huwafungia watu ndani, madirisha hufungwa, na mezani hakuna anayekula na barakoa. Tena mtu huweza kuambukiza kabla hajahisi homa, kwa hiyo "mbona mimi mzima" si kinga.

Mwongozo ulisemaje?

Kubisha hodi mlango kwa mlango ilikuwa hatari kubwa. Kuchonga maboga na watu wa nyumbani ilikuwa hatari ndogo. Katikati ilikuwapo mifuko ya peremende iliyopangwa nje, kila mtoto achukue wake. Kinyago cha sherehe si mbadala wa barakoa, na visivaliwe pamoja: mtoto atapumua kwa shida.

Na Thanksgiving?

Mwongozo ulishauri kula na watu wa nyumbani mwako tu. Wazee wapelekewe chakula mlangoni, na mazungumzo yafanyike kwa video. Aliyelazimika kualika alishauriwa kukaa nje na wageni, mita mbili mbili.