Mateka si mfungwa wa vita

Majuzi nilikuwa nikitazama taarifa ya saa moja usiku pamoja na jirani yangu, mzee aliyestaafu ualimu. Msomaji habari akatangaza kwamba Urusi na Ukraine zimebadilishana mateka. Mzee akaguna. "Mwalimu, mateka tena? Si hao ni wanajeshi?"

Swali lake lina uzito. Kitenzi 'teka' kina maana ya kutwaa kwa nguvu, na 'mateka' limezoeleka kwa yeyote aliyeangukia mikononi mwa adui. 'Nyara' nazo ni mali zilizotwaliwa vitani. Kwa hivyo tunaposema mtu 'ametekwa nyara', tunamhesabu pamoja na ng'ombe na vyombo.

Sheria za vita zinatenganisha. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unamlinda mfungwa wa vita, yaani mwanajeshi aliyekamatwa na taifa adui. Kumkamata si kosa. Akihojiwa, analazimika kutaja jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na nambari yake ya jeshi, basi. Hashtakiwi eti kwa sababu alipigana, na mapigano yakikoma sharti arejeshwe kwao bila kucheleweshwa. Mateka ni mtu anayezuiliwa na kutishiwa ili mwingine, mathalani serikali yake, ashurutishwe kutenda jambo. Hilo ni uhalifu tangu dakika ya kwanza. Raia waliotwaliwa kusini mwa Israeli Oktoba 7, 2023 na kupelekwa Gaza walikuwa mateka. Ukiwaita wafungwa, umemsafisha aliyewatwaa. Nako kumwita mfungwa wa vita mateka kunamfanya msikilizaji asahau kwamba ana haki zilizoandikwa.

Kuna tatizo moja. Katika vita vya serikali na kundi lenye silaha, kama vile Somalia waliko askari wetu, hadhi ya 'mfungwa wa vita' haipo kisheria. Hata hivyo, Kifungu cha 3, kilichomo katika mikataba yote minne ya Geneva, kinakataza kumuua au kumtesa aliyekamatwa, na kinakataza kushika mateka. Huyo mwite tu 'askari aliyekamatwa'. Akianza kutumiwa kudai kitu, hapo amegeuzwa mateka.

"Kwa hiyo Urusi na Ukraine tusemeje?" mzee akauliza.

"Wafungwa wa vita, Mzee."

"Maneno matatu badala ya moja," akasema. "Huyu wa runinga hatayataka."