Kitako cha bunduki ya kuwindia: mti au plastiki?

Nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani, na mara nyingi husimama kando ya njia aliyopita akimngoja anayemfuata. Katika vitalu vya uwindaji vya Tanzania, anayeinamia ile damu kwanza kwa kawaida si mgeni aliyefyatua risasi. Ni mfuatilia nyayo, ambaye pengine hana hata bunduki. Ndiyo maana ubishi wa wawindaji kuhusu kitako cha mti na cha plastiki siuchukulii kuwa suala la urembo. Kitako ndicho kinachoshika chuma. Chuma kikicheza, risasi haiendi ilikoelekezwa.

Mti uliopendwa tangu zamani kwa kazi hii ni mjozi, hasa wa Uturuki na Kaukazi. Msomaji wa Kilwa au Nachingwea atauliza kwa nini si mpingo. Uzito ndio unaoukataa: mita moja ya ujazo ya mpingo hufika kilo 1,200 hivi, na gogo lake huzama majini, ilhali mjozi ni kama nusu ya hapo. Mjozi huchongeka bila kuchanika, hunywa vizuri mafuta ya kitani, na asubuhi ya Julai hauumizi shavu kwa baridi.

Adui wake ni maji. Mti hunyonya unyevu na kuvimba zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kama mlango wa mbao unaogoma kufunga wakati wa masika. Kitako kikivimba au kujipinda, mbao huufikia mtutu na kuusukuma. Bunduki iliyopiga katikati ya shabaha kwenye hewa kavu huweza kwenda pembeni ikikaa siku kadhaa mvuani, na mwenyewe asijue mpaka afyatue.

Wanajeshi wa Marine wa Marekani waliyaona hayo Vietnam. Mwaka 1966 walichukua Remington 700 yenye kitako cha mjozi, wakaiita M40. Unyevu wa kule ukavipinda vitako, na katika miaka ya 1970 toleo la M40A1 likaja na kitako cha faibaglasi cha McMillan. Kwa wawindaji wa pwani ya Alaska, kunakonyesha karibu mwaka mzima, sioni sababu ya kubishana: faibaglasi na chuma kisichoshika kutu.

Tatizo ni kwamba vitako vyote visivyo vya mti tunaviita plastiki, na haviko sawa. Faibaglasi au nyuzi za kaboni zilizotandazwa kwa mkono na kushikwa kwa epoksi ni ngumu kwelikweli, na bei yake inaonyesha. Kitako cha bei ya chini humiminwa kwenye kalibu, ndani kikiwa na uwazi. Shika sehemu ya mbele, ibane pamoja na mtutu kwa vidole: utaona plastiki inakubali na kugusa chuma. Mwindaji akiegemeza bunduki kwenye fimbo za kulengea, inakubali vivyo hivyo. Tena miiba ikikikwaruza hutoa mlio mtupu ambao mnyama husikia.

Halafu kuna bega. Bunduki ya .375 Holland & Holland, risasi iliyotoka mwaka 1912 na ambayo bado ni chaguo la wengi kwa nyati, ina teke kali. Ikipunguzwa uzito kwa kitako chepesi, teke huongezeka, na mpigaji huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Kwa bunduki hiyo, ya msimu wa kiangazi, mimi nachagua mjozi uliokaushwa vizuri: mishipa yake inyooke pale mkono unaposhika, chuma kilazwe juu ya epoksi, na ndani ya kitako kupakwe mafuta sawa na nje. Wengi husugua nje tu, na unyevu hupitia humohumo ndani. Anayeingia kwenye majimaji achukue faibaglasi nzuri, au mbao za tabaka zilizobanwa kwa gundi, ambazo ni nzito lakini hazijipindi ovyo.

Kabla ya kulipa, pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako. Kwenye bunduki ambayo mtutu wake umeachwa huru, kitapita mpaka karibu na chemba. Kikikwama njiani, muulize fundi sababu. Na ukifika kambini, piga shabaha kwanza, hata kama mwindaji bingwa anayekuongoza ana haraka na gari linanguruma.