Kuacha Sigara kwa Mchezo (2): Dakika Tatu za Vipande Vinavyoshuka

Juma lililopita tuliona jinsi nikotini inavyofika kwenye ubongo katika sekunde zipatazo 20 tangu mtu apige pafu, na jinsi ubongo unavyozoea kuidai. Leo tuingie kwenye mchezo wenyewe.

Aliyeacha sigara mara nyingi huangushwa na dakika chache tu. Chai imeletwa, jirani kawasha yake, na mara roho inamruka. Hiyo arosto, kama waiitavyo vijana, hupanda, ikafika kileleni, kisha ikashuka yenyewe hata asipovuta. Kazi ni kuzivuka dakika hizo.

Mwaka 2005 wanasaikolojia David Kavanagh, Jackie Andrade na Jon May walieleza kwamba uchu hunenepa kwa sababu akili huuchorea picha. Mtu anaiona sigara, anaihisi mdomoni, anainusa, na kila anavyoitazama picha hiyo ndivyo anavyozidi kuitaka. Lakini akili inayochora picha ndiyo hiyo hiyo inayotazama vitu na kuvipanga, na uwezo wake una kikomo. Yape macho shughuli nyingine nzito, picha ya sigara itakosa pa kukaa.

Shughuli waliyoichagua watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, ni Tetris, mchezo aliobuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Vipande vinashuka kutoka juu ya kioo, nawe unavigeuza upesi vipate kujaza mstari. Katika jaribio moja, kundi moja lilicheza dakika tatu. Jingine lilikodolea macho kioo kilichojifanya kinafungua mchezo usiofunguka. (Hilo peke yake lingeweza kumrudisha mtu kwenye sigara!) Uchu wa waliocheza ulipungua zaidi. Mwaka 2015 wakatoka maabara, wakawafuata wanafunzi 31 kwa ujumbe wa simu mara saba kwa siku, wiki nzima. Nusu yao walipewa Tetris, na walipocheza dakika tatu, uchu wao ulishuka kwa wastani kutoka 70 hadi 56 katika kipimo cha mia. Ulikuwa uchu wa kila namna, wa chakula na vinywaji, kahawa, sigara na mengineyo.

Tusishangilie mapema. Kutoka 70 hadi 56 si kuzima moto, na kupunguza uchu si kuacha. Lililonigusa zaidi ni jaribio la Quebec, Kanada, lililotolewa mwaka 2009. Wavutaji 91 waliingizwa katika ulimwengu wa kompyuta. Baadhi walitafuta sigara na kuziponda kwa mkono wa bandia; wengine waliokota mipira. Wote walipewa ushauri pia. Wiki ya 12, waliokuwa wameacha walikuwa asilimia 15 kati ya walioponda sigara, na asilimia 2 kati ya waokota mipira. Kundi lilikuwa dogo, na wengi hawakuacha. Hata hivyo tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Je, bao letu? Mashimo 32, kete 64, macho yanapiga hesabu na mkono unasambaza: kwa maoni yangu linafaa kabisa, isipokuwa kwamba barazani kwetu moshi hutanda juu ya bao lenyewe. Wiki za kwanza, chezea nyumbani na mjukuu. Na mchezo wa simu usiwe wa kubeti, usije ukatoka kwenye shimo moja ukatumbukia jingine. Wala usiache plasta za nikotini au ushauri uliopewa na mganga. Mchezo ni wa kusindikiza.

Juma lijalo tutapanga ratiba ya siku kumi za mwanzo. Kabla ya hapo, msomaji unayetaka kuacha, chukua karatasi uandike kila saa mkono wako unapokimbilia pakiti, na ulikuwa na nani. Tutaihitaji.